Mtamba wa miguu mibovu, na mdogo wangu wa kidato cha pili

Haya wapendwa, bado nipo hai. Najua nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimeolewa au nimedisco. Hakuna hata kimoja. Ni baridi tu ya Iringa, semina tatu kwa wiki, na bumu lililochelewa mpaka tukaanza kukopeshana chumvi bwenini. Leo Jumapili nimefua, nimekunywa chai ya rangi yenye tangawizi, nimejifunika blanketi mpaka shingoni, nikasema potelea mbali, naandika.

Leo nawapa historia. Msikimbie jamani! Si Maji Maji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya farasi. Tena farasi jike.

Ilikuwa hivi. Kwenye semina tulipewa mada ya starehe za walowezi Afrika Mashariki, kila mmoja achague kipande chake. Wenzangu wakawahi uwindaji, klabu na gofu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala (msiniulize), nilipofika nikakuta kimebaki kimoja: mbio za farasi. Darasa zima likacheka. Binti wa Tukuyu na mbio za farasi, wapi na wapi? Sisi kwetu tunajua ng'ombe wa maziwa. Farasi tunawaona kwenye sinema.

Nikaenda maktaba nimenuna. Nimerudi, sijanuna tena. Na katikati ya kusoma huko, Alhamisi usiku, mama akanipigia simu kutoka nyumbani. Hayo ya simu nitayasema mwishoni. Nianze na farasi kwanza, maana bila farasi hamtaelewa kwa nini ile simu imeninyima usingizi siku tatu.

Swali la kwanza nililojiuliza: kwa nini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hakuna farasi? Nyasi zipo, baridi ipo, Mufindi kote ni majani mabichi. Jibu ni magonjwa. Mbung'o wanaambukiza nagana, ile inayomaliza ng'ombe na farasi kwenye mapori. Halafu kuna ugonjwa mwingine wa virusi unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu. Pundamilia akiambukizwa kwa kawaida haoneshi dalili, farasi anakufa. Ndiyo maana pundamilia wapo Ruaha hapo, na farasi hakuna.

Waliokuja kupigana hapa waliliona hilo kwa macho yao. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alipoingia Tanganyika kuwasaka Wajerumani, wapanda farasi wake kutoka Afrika Kusini walijikuta wanatembea kwa miguu, kwa sababu farasi walikufa kwa maelfu. Upande wetu huku Jenerali Northey alipanda kutoka Nyasaland akapita Tukuyu kwetu, na tarehe 29 Agosti 1916 akaingia Iringa mjini. Mizigo ya vita ile ilibebwa na nani sasa, kama wanyama wanakufa? Na watu. Wapagazi. Kile kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps, ndicho kilichozaa jina la Kariakoo yetu ya Dar na Kariokor ya Nairobi.

Na hapa ndipo nilipoacha kununa. Kumbe pale Nairobi, karibu kabisa na Kariokor, kuna barabara inayoitwa Race Course Road. Uwanja wa kwanza wa mbio za farasi wa Nairobi ulikuwa maeneo hayo hayo, kabla ya kuhamia Ngong Road mwaka 1954, ambako mbio zinakimbizwa mpaka leo. Yaani jina la waliobeba mizigo kwa kukosa wanyama limekaa jirani na jina la mahali ambapo wanyama walikimbizwa kwa starehe. Ukipita pale na matatu wala hustuki. Mimi nilistuka nikiwa maktaba Iringa.

Nyanda za juu za Kenya, kule Nakuru, Njoro, Molo, zina baridi na mbung'o si wengi, kwa hiyo farasi waliishi. Walowezi waliwaleta wale wa ukoo wa mbio, ambao Waingereza waliwazalisha kwa karne nyingi na kuwaandika daftarini kama sisi tunavyoandika vyeti vya kuzaliwa. Daftari lao la ukoo lilianza kuchapishwa mwaka 1791. Na cha kuchekesha, ukifuata baba wa baba wa baba wa farasi hao wote duniani unafika kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kwa hiyo asili ya baba zao ni huko huko walikokuwa wanatoka farasi wa kifahari wa masultani wa Zanzibar. Mwaka 1840 Seyyid Said alipotuma meli yake New York, zawadi mojawapo kwa rais wa Marekani ilikuwa farasi wawili wa Kiarabu.

Basi, twende kwa mwenye shughuli.

Kule kwetu Tukuyu ng'ombe jike ambaye hajazaa tunamwita mtamba. Kila nyumba yenye zizi inajua thamani ya mtamba: ndiye anayekopeshwa, ndiye anayelipwa, ndiye ada ya shule ya mwakani. Nami kwenye kazi yangu ya semina nimeamua kuliazima neno hilo kwa farasi. Mtamba ninayemzungumzia aliitwa Wise Child, yaani Mtoto Mwenye Busara. Kwa mwanafunzi wa ualimu jina kama hilo unalipitaje?

Habari zake tunazipata zaidi kwa mwanamke aliyemfundisha, Beryl Markham. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia kwenye shamba la baba yake Njoro. Mama yake alirudi zake Ulaya. Mtoto akabaki na baba, farasi, na watoto wa Kiafrika wa pale shambani, akawa anazungumza Kiswahili kama maji. Rafiki yake wa utotoni alikuwa kijana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya jando akaitwa arap Ruta. Likumbukeni jina hilo.

Ukame ukaja, shamba la baba likafilisika, mzee akaondoka kwenda Peru kufundisha farasi huko. Beryl akabaki, binti wa chini ya miaka 20. Akapanda farasi wake akaenda Molo kuanza maisha kama mwalimu wa farasi wa mbio. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kazi hiyo. Na arap Ruta akamfuata wakafanya kazi pamoja. Baadaye sana, Septemba 1936, Beryl huyo huyo aliruka na ndege peke yake kutoka Uingereza kuvuka Bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, mafuta yakagoma akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka mzima. Wengi wanamjua kwa hilo. Mimi sina habari na ndege. Mimi nataka farasi.

Miaka ya 1920, Beryl alikuwa na dume moja zizini aliyeitwa Wrack. Dume hasa, kijana, mwenye nguvu, alikuwa anamwandaa kwa mbio za St Leger za Nairobi. St Leger ni mbio ndefu za farasi wa miaka mitatu, karibu kilomita tatu hivi, zimeigwa kutoka zile za Doncaster, Uingereza, zilizoanza mwaka 1776. Na kwa taarifa yenu akina kaka mnaotucheka, mshindi wa kwanza kabisa wa St Leger ile ya 1776 alikuwa mtamba. Tena siku ya mbio hana hata jina, alipewa baadaye.

Wiki 12 kabla ya mbio, mwenye Wrack akamchukua farasi wake. Watu walimjaza maneno kwamba kabinti kama kale hakawezi kukabidhiwa farasi mkubwa namna hiyo. Akapelekwa kwa mwalimu mwingine. Hebu fikiria, umefundisha darasa mwaka mzima, wiki 12 kabla ya necta mkuu anakuambia pisha, tumepata mwalimu wa kiume. Utalia au hutalia?

Ndipo mtu mmoja, Eric Gooch, akamletea Wise Child. Mtamba mzuri, ukoo mzuri, moyo mzuri. Miguu mibovu.

Hapa nisome taratibu maana ndiyo nilipokwama mimi. Wise Child hakuzaliwa na miguu mibovu. Kwa simulizi ya Beryl, alipita kwanza kwenye mikono ya mwalimu mwingine, akafanyishwa kazi kubwa kuliko umri wake. Kano za miguu ya mbele zikaumia.

Kwa wasiojua (nami sikujua mpaka wiki hii), farasi wa mbio ana uzito wa kilo mia nne na kitu mpaka mia tano, na anapokimbia kwa kasi kuna nukta ambapo uzito wote huo unasimama juu ya mguu mmoja. Chini ya goti hana msuli, ni mifupa, ngozi na kano. Farasi anaanza kukimbizwa akiwa na miaka miwili, bado anakua. Mapafu yanakuwa tayari mapema. Moyo unakuwa tayari mapema. Mifupa na kano ndivyo vinavyochelewa. Kwa hiyo mtamba mwenye kipaji ndiye mwenye hatari zaidi, kwa sababu anaweza kukimbia kabla miguu yake haijaweza. Mvivu hawezi kujiumiza. Anayeumia ni yule anayekubali kila anachoambiwa.

Na kano ikishaumia haiponi kwa dawa ya siku tatu. Inataka muda, kukandwa, kufungwa bandeji, kutembezwa taratibu. Beryl na Ruta walikuwa na wiki 12 tu. Huwezi kumpumzisha kabisa, maana atakosa pumzi ya kilomita tatu. Huwezi kumkimbiza sana, maana kano zitakatika. Kila asubuhi ni hesabu: leo kiasi gani? Kidogo zaidi ya jana, au kidogo pungufu?

Na aliyekuwa karibu na miguu hiyo kila siku ni saisi. Saisi ndiye mtunza farasi, neno la siku nyingi kwenye Kiswahili chetu. Anayelala karibu na zizi, anayeamka usiku, anayegusa mguu alfajiri akajua kwa kiganja kama una joto au hauna. Kama mguu una joto, leo hakuna mbio. Hakuna mashine iliyokuwa inasema. Ni mkono wa arap Ruta.

Siku ya mbio ikafika. Mpanda farasi alikuwa Sonny Bumpus. Wrack naye yumo, na watu wengi fedha zao ziko kwa Wrack, kwa sababu Wrack ana miguu minne mizima na Wise Child ana miguu miwili na nusu. Sitawasimulia mbio nzima, kaisomeni wenyewe. Kwa ufupi ni kwamba Wrack alitangulia, mtamba akamfikia akampita, halafu mwishoni, pale palipobaki kipande kidogo, miguu ikaanza kumsaliti. Dume likarudi kwa kasi. Na mtamba hakuwa na kitu kingine tena cha kutoa isipokuwa kukataa. Akakataa. Akashinda St Leger.

Nimeisoma sehemu hiyo maktaba nikajikuta nimesimama. Dada wa kaunta akaniangalia. Nikakaa.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa historia, siwezi kuwaachia hivyo hivyo. Kisa hiki amekiandika Beryl mwenyewe, kwenye kitabu cha kumbukumbu zake cha West with the Night kilichotoka mwaka 1942, kikasahaulika, kikachapishwa upya mwaka 1983 akiwa bibi kizee anayefundisha farasi bado Nairobi. Alifariki mwaka 1986. Wapo wanaosema mume wake wa tatu alimsaidia sana kukiandika, na ubishi huo haujaisha. Pia mtu akijisimulia ushindi wake mwenyewe lazima uweke chumvi pembeni. Na arap Ruta hakuandika kitabu. Tunachokijua juu ya mikono yake ni kile rafiki yake alichoamua kutuambia, na rafiki yake alikuwa pia tajiri yake. Kwenye orodha za washindi huandikwa jina la farasi, mwenye farasi, mwalimu na mpandaji. Saisi haandikwi. Ndiyo historia ya koloni hiyo, hata kwenye mambo ya starehe.

Niliposimulia haya chumbani, mwenzangu mmoja (yule wa Fizikia, mnamjua kwa ubishi) akasema: “Sasa huyo alishinda kwa sababu alitunzwa. Angekuwa na miguu mizima si ndiyo angeshinda zaidi?” Swali zuri. Ikabidi nitafute mtamba wa miguu mizima. Nikampata Marekani, anaitwa Ruffian.

Ruffian alizaliwa Aprili 1972 Kentucky. Rangi imekoza mpaka karibu nyeusi, mkubwa kuliko madume wengi wa rika lake. Alikimbia mara kumi, akashinda mara kumi, na kila mara akiongoza tangu mwanzo. Mwaka 1974 akawa bingwa wa mitamba wa miaka miwili, mwaka 1975 akachukua yale mashindano matatu makubwa ya mitamba kule New York. Mwalimu wake, Frank Whiteley, alikuwa mtu wa tahadhari, na siwezi kusema alimharibu. Lakini watu hawakutosheka. Wakataka kujua: je, anaweza kumshinda dume? Miaka ile mjadala wa wanawake na wanaume ulikuwa umepamba moto Marekani, kwa hiyo farasi wakabebeshwa ugomvi wa wenye miguu miwili. Tarehe 6 Julai 1975 akapangiwa mbio za wawili tu dhidi ya Foolish Pleasure, dume aliyeshinda Kentucky Derby mwaka huo. Mpandaji wa kawaida wa farasi wote wawili alikuwa mmoja, Jacinto Vasquez. Akaulizwa achague, akachagua Ruffian.

Watu zaidi ya elfu 50 uwanjani, mamilioni kwenye televisheni. Wakatoka. Ruffian akatangulia kidogo tu. Kabla hata hawajafika nusu, mguu wake wa mbele wa kulia ukavunjika. Vasquez akavuta hatamu asimame. Hakusimama. Alizoea kuongoza, hakujua kitu kingine, akaendelea kukimbia juu ya mguu uliovunjika. Usiku wakampasua. Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi akaanza kurusha miguu kama bado yuko mbioni, akaharibu yote waliyoyafunga. Wakamuua kwa huruma usiku ule ule. Akazikwa pale pale uwanjani Belmont Park.

Yule wa Fizikia akanyamaza. Akasema tu, “Duh.”

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili. Miguu mizima si kinga. Ruffian alikuwa na kila kitu, na hakuna aliyeweza kumsimamisha. Wise Child alikuwa na kasoro inayoonekana, na kasoro ile ndiyo iliyowalazimisha watu wawili wamguse kila asubuhi kabla ya kumwambia kimbia. Na aliyemwumiza mwanzoni si adui yake. Ni mtu aliyeona kipaji chake akakifurahia mno.

Sasa nirudi kwenye simu ya mama.

Mdogo wangu, wa mwisho kwetu, alikuwa kipanga. Darasa la nne wa kwanza, bila mpinzani. Mwalimu mmoja akawaambia wazazi kwamba mtoto huyu anapotezewa muda, arushwe darasa, aende la sita moja kwa moja. Baba akasitasita. Mama akasema tumuulize dada yake. Dada yake ni mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, najiona profesa. Nikasema arushwe, tena nikasema kwa maneno mengi, nikasema mtoto mwenye akili anachoshwa na wenzake, sijui nilisoma wapi. Wakanisikiliza. Nyumbani kwetu nilikuwa ndiye msomi.

Darasa la saba akafaulu, lakini si kama tulivyozoea. Kidato cha kwanza akayumba. Novemba iliyopita akafeli mtihani wa kidato cha pili, anarudia mwaka huu. Mama kwenye simu anasema asubuhi anavaa sare halafu anakaa kitandani. Anasema yeye ni mjinga tu, waliokuwa wanamsifu walikosea. Baba naye kasema akileta matokeo kama yale tena, anampeleka akajifunze cherehani, basi. Cherehani si kitu kibaya, shangazi yangu katusomesha nusu ya ukoo kwa cherehani. Lakini shangazi aliipenda. Huyu anapelekwa kama adhabu.

Mama akasema, “Zungumza naye wewe, anakusikiliza.” Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Ananisikiliza! Ndiyo tatizo lenyewe. Alinisikiliza mara moja, angalia alipofika.

Ijumaa nikampigia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, si mnajua sisi wa ualimu. Niliposikia sauti yake hotuba yote ikayeyuka. Nikamwambia tu, “Mdogo wangu, mimi ndiye niliyesema urushwe darasa. Nilikosea. Nisamehe.”

Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, “Dada, mimi sehemu sijawahi kuzielewa. Za kutofautisha asili. Mlinirusha ndiyo wenzangu wanafundishwa, nilipofika la sita kila mtu anazijua. Nikaona aibu kuuliza.”

Miaka mitano, wapendwa. Mtoto amebeba miaka mitano aibu ya sehemu zenye asili tofauti, na juu yake tumempandishia aljebra, tumempandishia fizikia, halafu tunashangaa mguu unachechemea. Wala hakuna aliyegusa kuona kama una joto.

Nikamwuliza, “Kwa hiyo ukijua sehemu?”

“Sijui, dada. Labda.”

“Labda inatosha.”

Msinielewe vibaya. Mtoto wa mtu si farasi, na mimi si Beryl wala arap Ruta. Farasi huwezi kumwomba msamaha akakuelewa, na wala hakukuambia kano ipi inauma. Mdogo wangu kaniambia ndani ya dakika tano, siku niliyoacha kumhubiria. Hilo nalo limenitia aibu yake.

Jumamosi asubuhi nimeshuka mjini, nimenunua kitabu cha hisabati cha darasa la tano, kimoja kilichotumika, kimekunjika pembe. Nikakifunga kwenye gazeti nikampa kondakta wa basi la Mbeya. Ndani nimeweka karatasi: ukurasa mmoja kwa siku, usizidishe hata kama unaweza. Mstari huo wa mwisho nimeupigia mstari mara mbili, maana namjua, anaweza kumaliza kitabu kizima kwa usiku mmoja ili anifurahishe.

UE zikiisha naenda BTP, nimepangiwa Mbeya, nitalala nyumbani. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: kutoka siku nitakayofika mpaka mtihani wake wa Novemba ni wiki 16. Beryl na Ruta walikuwa na 12. Siwaahidi kwamba atafaulu. Wala baba sijamwambia chochote bado, nitamwambia uso kwa uso, nimsalimie vizuri kwanza, nipige magoti kama inavyotakiwa, ndipo niseme kwamba yule msomi wenu wa mwaka ule alikuwa hajui anachosema. Naogopa, nisiwadanganye.

Ripoti ya semina nawasilisha Jumatano. Wale mnaokwenda kunicheka na farasi wangu, njooni mapema mkae mbele.

Halafu ninyi wa ualimu wenzangu, kabla hatujatawanyika BTP, nina swali moja la kweli, si la kupamba: nani kati yenu aliwahi kurushwa darasa? Niambieni ilikuwaje. Nina mtu nyumbani anayehitaji kusikia kwamba si peke yake.

Maji ya chai yamechemka tena. Ngoja niwahi kabla mwenzangu hajayageuza ya kuogea. Usiku mwema kutoka kwenye baridi.